Februari Hakuna Timu Mbovu

Kila mwaka, katikati ya Februari, waandishi wa besiboli wa Marekani huandika sentensi ileile: mchezaji fulani amefika kambini akiwa fiti kuliko wakati wowote maishani mwake. Aliyeumia bega msimu uliopita amepona, tena bega limekuwa imara kuliko lilivyokuwa kabla ya kuumia. Aliyenenepa amepungua, aliyekonda ameongeza misuli, na wote wawili wanasifiwa kwa bidii. Mrushaji mkongwe amejifunza mrusho mpya wakati wa likizo. Hakuna hata mmoja aliyerudi vilevile alivyoondoka, achilia mbali aliyerudi akiwa ameshuka kiwango. Ukizisoma habari hizo za timu zote 30 utajiuliza: msimu ukianza, atakayefungwa ni nani?

Mimi ni shabiki wa Pittsburgh Pirates, kwa hiyo jibu ninalo.

Kwa asiyefuatilia mchezo huu: kila timu hucheza mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Kabla ya hapo timu huingia kambini kwa wiki sita hivi. Timu 15 huenda Arizona, na 15 nyingine huenda Florida, ambako mechi zao za kirafiki huitwa Ligi ya Balungi kwa sababu ya matunda ya huko. Mechi hizo hazihesabiki popote. Zinaruhusiwa hata kuisha sare, jambo ambalo kwenye msimu wenyewe ni nadra sana kulikuta. Watu watapigana mpaka usiku wa manane mradi mshindi apatikane. Ukitaka kuielewa hali ya kambi hizo, ikumbuke Agosti ya Dar es Salaam: Simba Day, Wiki ya Mwananchi, uwanja umefurika, wachezaji wanatambulishwa mmoja mmoja, na msemaji wa klabu keshachukua ubingwa kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa. Tofauti ni kwamba Simba na Yanga huwa na sababu ya kujitapa.

Nilihamia Pittsburgh mwaka 2013, na huko ndiko balaa langu lilikoanzia. Timu ilikuwa imetoka kwenye misimu 20 mfululizo, 1993 hadi 2012, ambamo kila mwaka ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Hakuna timu nyingine ya ligi kubwa za kulipwa Amerika Kaskazini iliyowahi kufikisha aibu ya urefu huo. Mimi sikuyajua hayo. Nilikuta mji mzima umevaa nyeusi. Tarehe 1 Oktoba mwaka huo walicheza na Cincinnati mechi moja ya mtoano, na uwanja mzima ukaanza kuliimba kwa kejeli jina la mrushaji wa wageni, Johnny Cueto: "Kweee-to! Kweee-to!" Mpira ukamponyoka mkononi, ukadondoka chini. Mrusho uliofuata, Russell Martin wa Pirates akaupiga hadi majukwaani. Pirates wakashinda 6-2. Mtoto wa Tanga mimi, sikujua hata kwa nini mrushaji anasimama juu ya kichuguu, lakini kelele za namna ile nilizifahamu tangu Mkwakwani. Nikasema, hawa ndio wangu.

Mwaka uliofuata wakatolewa nyumbani na San Francisco, 8-0. Mwaka 2015 wakashinda mechi 98, jambo ambalo timu nyingi haziliwazi hata ndotoni, wakatolewa tena kwa mechi moja, safari hii na Chicago Cubs. Tangu hapo hadi mwisho wa msimu wa 2025 hawakurudi kwenye mtoano. Kombe lenyewe walilitwaa mara ya mwisho mwaka 1979, enzi za Willie Stargell, walipoifunga Baltimore katika mechi saba. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sisi tumevumilia tangu 1979, na mbivu zinaliwa Los Angeles.

Pirates hupiga kambi Bradenton, mji wa kusini mwa Tampa, tangu mwaka 1969. Uwanja wao wa mazoezi ulifunguliwa 1923, na lazima nikiri kwamba ni mzuri: mdogo, kuta nyeupe za mtindo wa Kihispania, unakaa katikati ya mji badala ya kutupwa kando ya barabara kuu. Tangu 2017 umebeba jina la LECOM, ambacho ni chuo cha udaktari. Timu inayojiandaa na msimu ndani ya jengo lenye jina la chuo cha udaktari haihitaji utani wangu.

Shemeji yangu anaishi Tampa, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, na yeye ndiye aliyenivuta huko Machi 2025. Ni mtu wa kuamini. Anaamini mazungumzo ya simu ya mkononi yatashuka bei, anaamini Taifa Stars, na baada ya kukaa nami kwa muda akaanza kuiamini Pirates, jambo ambalo dada yake hajanisamehe. Jua la Machi pale Florida linamfanya mtu yeyote aone mambo vizuri. Nyuma yetu waliketi wazee kutoka magharibi mwa Pennsylvania, wastaafu waliokimbia theluji, wanaojua majina ya wachezaji wa akiba wa mwaka 1971. Shemeji akatazama mpira ukipigwa mbali kwenye mazoezi ya kabla ya mechi, akanigeukia: "Shem, mwaka huu wako vizuri."

Nikamwambia anayerusha ile mipira ni kocha, na anairusha ipigwe.

Hilo ndilo tatizo la kutazama kambi. Karibu kila unachokiona kimepangwa kwa kusudi ambalo si kushinda. Mrushaji anayepigwa vibaya huenda anajaribu mrusho mmoja tu mpya, na amekatazwa kutumia ule anaoutegemea. Mpigaji anayetamba huenda anamtambia kijana wa daraja la chini aliyeletwa kuziba nafasi. Nyota wa timu ngeni hawapo kabisa. Safari ya basi ya saa mbili ni kwa ajili ya wanyonge, wakubwa hubaki kwao wakipiga mazoezi na kurudi nyumbani kucheza gofu. Kufika awamu ya sita kati ya tisa za mechi, majina yote uliyolipia tiketi kuyaona yameshaoga na kuondoka. Halafu jioni mtu anakutumia takwimu za mechi hiyo kama ushahidi wa jambo fulani.

Kama unataka kujua timu itakuwaje, usitazame uwanjani. Tazama kilichotokea Desemba na Januari kwenye ofisi za klabu, wakati wa usajili. Majira yale ya baridi, wakiwa na mrushaji bora kuliko wote duniani, Paul Skenes, kwenye orodha yao, Pirates walimsajili Tommy Pham, aliyekuwa akitimiza miaka 37. Wakamrudisha Andrew McCutchen, ambaye nampenda kama kila mtu wa Pittsburgh anavyompenda, lakini alikuwa na miaka 38. Wakamrudisha Adam Frazier, ambaye walimuuza mwaka 2021. Walimpata Spencer Horwitz kutoka Cleveland kuwa mchezaji wa beseni ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, na kambi haijachangamka kijana akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono. Jared Jones, mrushaji kijana tuliyemtarajia amfuate Skenes kwa ubora, akalalamika kiwiko hukohuko kambini; ilipofika Mei akapelekwa kisuni, msimu wake ukaishia hapo. Kwenye taarifa za kambi mambo haya huandikwa kwa lugha laini sana. Mchezaji "anafuatiliwa kwa karibu". Ukisoma kwamba kiwiko cha mrushaji wako kinafuatiliwa kwa karibu, anza kumzoea mtu mwingine.

Kisha kuna habari ya Bubba Chandler, na hapa ndipo ninapoacha utani kidogo.

Machi ile Chandler alikuwa kijana wa miaka 22 anayerusha mpira kwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba yuko tayari. Mwisho wa kambi akapelekwa Indianapolis, timu ya daraja la chini, eti aendelee kukomaa. Sababu ambayo klabu hazipendi kuisema kwa sauti ni kalenda. Mchezaji hupata uhuru wa kujiuza sokoni baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu, na mwaka mmoja wa utumishi ni siku 172. Ukimchelewesha wiki chache mwanzoni mwa msimu, mwaka wake haujatimia, na wewe umejipatia mwaka wa saba wa kummiliki kwa bei poa. Kwa hiyo kijana hushindwa kambi hata akifaulu. Anaambiwa arekebishe hiki na kile, anaitikia kwa adabu mbele ya kamera, na kila mtu chumbani anajua anachosubiriwa si kiwango bali tarehe. Chandler aliitwa mwezi Agosti, msimu ukiwa umeshazikwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo walimfanyia hivyohivyo Skenes. Alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye usajili wa vijana wa 2023, akaja kambini 2024, akapelekwa Indianapolis, akapandishwa tarehe 11 Mei. Ila safari hiyo kuna haki ilitendeka, na mimi bado inanichekesha. Mkataba wa mwaka 2022 kati ya wachezaji na ligi unasema kijana akimaliza katika nafasi mbili za juu za tuzo ya mchezaji chipukizi bora, anahesabiwa mwaka mzima wa utumishi hata kama alichelewa kupandishwa. Skenes akaitwaa tuzo yenyewe. Mwaka waliojaribu kumnyima akaupata wote, na wao wakawa wamekosa mechi zake za Aprili bure.

Watu wa nyumbani huniuliza mmiliki anawezaje kuendesha timu hivi mwaka baada ya mwaka. Jibu ni kwamba huku hakuna kushuka daraja. Mwaka 2016 timu zote tatu za Tanga zilizokuwa ligi kuu, Coastal Union, African Sports na Mgambo, zilishuka kwa mkupuo mmoja. Mji mzima ulikaa kimya wiki nzima. Coastal, mabingwa wa 1988, wakaenda kucheza kwenye viwanja ambavyo mbuzi huondolewa kabla ya mechi, hadi waliporudi 2018. Ilituuma, lakini kila aliyekuwa kwenye uongozi alilala akiwaza hilo. Marekani ukishika mkia unazawadiwa: unapewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua vijana bora. Pirates walipoteza mechi 101 mwaka 2021 na mechi 100 mwaka 2022, na ndivyo walivyompata Skenes. Juu ya hapo, kila timu huweka karibu nusu ya mapato yake ya ndani kwenye mfuko wa pamoja, kisha mfuko unagawanywa sawasawa, na fedha za televisheni ya taifa nazo zinagawanywa. Bob Nutting, mmiliki mkuu tangu 2007, hahitaji kushinda ili mahesabu yake yakae sawa. Hadi mwisho wa 2025 mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu ulikuwa wa Bryan Reynolds, dola milioni 106.75 kwa miaka minane. Dodgers wa Los Angeles walimpa Shohei Ohtani milioni 700. Najua Los Angeles si Pittsburgh, na simwombi mtu afilisike. Ninachosema ni kwamba kati ya 106 na 700 kuna nafasi kubwa sana ya kujaribu.

Ndiyo maana tarehe 4 Aprili 2025, siku ya mechi ya kwanza nyumbani, ndege ndogo ilipita angani ikivuta bango linalomtaka Bob auze timu, gharama zake zikiwa zimechangwa na mashabiki. Wiki hiyohiyo watu wakagundua kwamba alama ya Roberto Clemente, nyota wa zamani wa klabu, namba 21, imeondolewa kwenye ukuta wa kulia wa uwanja na mahali pake pamewekwa tangazo la pombe. Clemente! Mtu aliyekufa usiku wa kuamkia mwaka 1973 ndege ilipoanguka akiwapelekea misaada waathirika wa tetemeko la ardhi la Nicaragua. Mwanawe akalalamika hadharani, klabu ikaomba radhi na kuirudisha alama. Hata hilo, ukitazama tarehe, lilikuwa limeshaamuliwa wakati sisi tuko Bradenton tunapigwa jua na kuambiana kwamba mwaka huu wako vizuri.

Msimu wenyewe ulikwenda hivi. Mechi ya kwanza, Miami, Skenes akaanza kurusha, Nick Gonzales akapiga homurani, yaani mpira wa kuvuka uzio, akaizunguka beseni moja baada ya nyingine huku anachechemea, kumbe kifundo cha mguu kimeshapata ufa. Wakapoteza 5-4 kwenye mpigo wa mwisho. Tarehe 8 Mei, wakiwa wameshinda 12 na kupoteza 26, kocha Derek Shelton akafukuzwa na Don Kelly akapewa timu. Julai wakawauza David Bednar na Ke'Bryan Hayes. Frazier, aliyeuzwa 2021 na kurudishwa, akauzwa tena. Walimaliza na ushindi 71 na vipigo 91, na hakuna timu iliyopiga homurani chache kuliko wao katika ligi nzima. Skenes aliruhusu wastani wa pointi 1.97 kwa kila awamu tisa, kiwango cha ajabu, na rekodi yake binafsi ikasomeka ushindi 10, vipigo 10. Novemba 2025 akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote za nafasi ya kwanza. Sijui ni mrushaji gani mwingine angehitaji kufanya makubwa kiasi hicho ili atoke sare.

Sasa, mtu mwenye mawazo kama yangu alitakiwa asikanyage Bradenton tena. Lakini kuna sehemu moja ya kambi ninayoiheshimu, nayo ni ile ambayo watu wengi hawaioni kwa sababu wameshaenda kuwahi foleni ya magari.

Ni awamu ya saba, ya nane na ya tisa. Hapo wanaingia vijana wenye namba za juu mgongoni, themanini na kitu, tisini na kitu, baadhi hata jina halijashonwa. Wametoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela, vijiji vya Texas. Mshahara wa ligi kuu hawaujui. Kwao mechi ile ambayo haihesabiki ndiyo inayohesabika kuliko zote, kwa sababu kocha mmoja amekaa pale na daftari, na huenda asiwaone tena. Kijana anapiga mpira dhaifu ardhini, mpira ambao mchezaji maarufu angeutembelea, na yeye anakimbia kama anafukuzwa na siafu. Machi ile nilimwona mmoja akijitupa kifudifudi kwenye beseni ya kwanza timu ikiwa nyuma kwa pointi saba, uwanja umebaki na wazee, mimi na shemeji. Alitolewa. Akainuka amejaa vumbi mdomoni.

Kwenye kambi hizo ndiko alikopitia Gift Ngoepe. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia kwenye chumba kilichomo ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Pirates walimsajili 2008. Kuanzia hapo ni kambi baada ya kambi, na kila mwisho wa Machi jina lake lilipangwa upande wa wanaobaki chini. Mkono wake wa kudaka ulikuwa wa dhahabu. Kupiga kwa gongo ndiko kulikomsumbua. Tarehe 26 Aprili 2017 akapandishwa, akawa mtu wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani. Alipoingia uwanjani Francisco Cervelli, mdakaji wa timu, alimkumbatia. Mara yake ya kwanza kushika gongo, dhidi ya Jon Lester wa Cubs, mmoja wa warushaji wenye mataji mengi wa kizazi chake, akapata mpigo safi. Ligi hiyo ilianza karne ya 19, na ilisubiri hadi siku hiyo.

Nilikuwa kazini. Nilisikia kwenye redio nikapiga kelele hadi msimamizi akaja kuuliza kama nimeumia.

Ngoepe hakudumu, mwisho wa mwaka huohuo alishahamia Toronto. Lakini hakuna mtu aliyemuuzia mwenzake tiketi kwa jina lake katika miaka ile yote ya Bradenton. Alikuwa mmojawapo wa hao wa awamu ya nane. Shabiki anayeondoka mapema hakumwona hata mara moja, na shabiki anayeondoka mapema ndiye anayeniambia kwamba kambi ilikuwa nzuri.

Mwisho wa 2025 shemeji akanipigia simu tena. Safari hii wimbo wake ulikuwa Konnor Griffin, kijana aliyechaguliwa wa tisa mwaka 2024 kutoka shule ya sekondari Mississippi, ambaye wakati huo wachambuzi walimweka juu ya chipukizi wote wa besiboli. Alikuwa atimize miaka 20 Aprili 2026. Anakimbia, anapiga, anadaka, ana kimo cha mlingoti.

"Shem, huyu ndiye. Huyu hawawezi kumharibu."

Nikamweleza kitakachotokea. Griffin atafika Februari akiwa fiti kuliko wakati wowote maishani mwake. Atapiga homurani mbili tatu ndefu, video zitazunguka dunia nzima, na wazee wa Pennsylvania watasema hawajaona kitu kama hicho tangu Clemente. Kisha, zikibaki siku chache kambi ivunjwe, ataitwa ofisini na kuambiwa kwamba Indianapolis ni mji mzuri.

"Kwa hiyo huji?"

Nikamwambia nitakuja, ila kwa masharti mawili. Gari tutaegesha mbali ili asipate kisingizio cha foleni, na hakuna mtu wa kunisimamisha kwenye kiti kabla ya mpira wa mwisho wa awamu ya tisa. Griffin wake amtazame asubuhi kwenye mazoezi.